Kitanda cha Ukuta kwa Ukuta

Musonoi, Kolwezi
tarehe 10 mwezi wa pili 1957

Kwa yaya Ngalula, dada yangu mukubwa, ku Kabalo

Yaya yangu,

Jambo sana. Jambo kwa Bilonda mutoto yetu, jambo kwa shemeji, jambo kwa kila mutu wa uwanja wako, hata ile mbuzi inayokula sabuni. Sisi tuko bazima, ni mvua tu inatusumbua. Muamba ameng'oka jino la mbele, na mpaka leo analitafuta chini ya kitanda. Ngeleka mudogo ananyonya kama mutu anayelipwa kwa kunyonya. Mi mwenyewe ni muzima, nimechoka ile kuchoka ya siku zote, ambayo mutu hasemi tena kwa sababu haina mwanzo wala mwisho. Jana nilikuwa nasonga bukari, nikaota ndoto nikiwa wima. Niliota nafagia mu chumba kisicho na kitu ndani, na mwanga wa asubuhi umelala chini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikawa nafagia pembeni ya mwanga, nisiukunje. Nilipofungua macho bukari imeungua na Badibanga amesimama ku mulango.

"Mama Bilonda, leo tunakula makaa?"

Yaya, ile ndoto iko na sababu. Nyumba yetu unaijua kwa maneno tu: byumba bibili na barza mbele. Mukubwa wa camp ameturuhusu kuziba barza kwa matofali, ipate kuwa chumba cha tatu. Alisema: "Mujenge, lakini ukuta usimame. Sitaki kuona kitu kinaegama mu camp yangu." Fundi hakuna. Fundi ni Badibanga akirudi ku kazi, na mi nikimaliza batoto. Unajua yeye ni seremala mu atelye ya mbao ku mine. Mchana anatengeneza milango ya batu bengine. Sirene ikilia, anakuja kutafuta mulango yake.

Hicho chumba ni cha Bilonda.

Wakati Muamba alizaliwa na mi nikabaki mifupa na macho, ulikuja na kikapu, ukamufunga Bilonda mu mugongo, ukasema, "Pata nguvu kwanza." Sikusahau. Nguvu imerudi, yaya, si yote, lakini inatosha. Mwezi wa tisa basichana wa umri wake banaanza shule hapa camp, nataka aanze pamoja nao. Na tangu reli ya Kabalo iliunganishwa na ya Kamina, safari si tena ya kulilia. Zamani tulikuwa na sababu. Reli imeondoa sababu.

Camp yote inaniita Mama Bilonda. Batu banamuuliza Muamba, "We ndiye Bilonda?" na yeye anakasirika, anasema ni mwanaume. Hakuna hapa anayejua Bilonda ni nani. Naitwa kwa jina la mutu ambaye hawajamuona.

Niandikie vile unaonelea. Mupe Bilonda maji ya kunywa kwa mukono wako, useme yametoka kwangu.

Ni mi, mudogo wako,
Tshibola


Kabalo, tarehe 24 mwezi wa tatu 1957

Mudogo wangu Tshibola,

Anayeandika ni mukatekista Polycarpe, anayesema ni mi Ngalula. Tunakusalimia. Barua yako ilichelewa, ilikuja imelowa, neno "mbuzi" peke yake ndilo lilisomeka vizuri ku ukurasa wa kwanza, tukacheka kabla ya kujua tunacheka nini.

Hapa muto umejaa, umefika ku mapera ya jirani, samaki banaogelea pale kuku balikuwa banalala. Karanga zimeoza kidogo. Mi niko muzima, magoti tu. Muamba asitafute jino. Lilishakuwa la panya, panya atamuletea lingine.

Bilonda amekua. Anajua kupepeta muchele, anajua kutukana mbuzi. Anasema mengi mchana, lakini akitaka kulala ni kimya, anashika sikio langu. Bila sikio hawezi. Analifinya mpaka usingizi unamuchukua, kisha mukono unafunguka wenyewe kama ua. Asubuhi sikio langu moja ni jekundu, banawake ku kisima banasema nimepigwa.

Nilitaka kukuambia ndoto mimi pia niliota, ya nyumba isiyo na paa, lakini Polycarpe amekataa kuandika. Anasema ndoto ni mambo ya bapagani na karatasi ni ya misioni.

Habari ya chumba nimesikia. Kujenga ni kuzuri.

Salimia Badibanga. Asinyanyue bitu bizito mu mvua.

Ngalula

Mimi Polycarpe naongeza: mama Ngalula alisema "kujenga ni kuzuri", kisha akakaa kimya muda murefu, mpaka wino ulikauka ku kalamu. Nimeandika alichosema. Kunyamaza sijui kuandika.


Musonoi, tarehe 14 mwezi wa ine 1957

Yaya Ngalula,

Jambo, na jambo kwa wote. Mukatekista nimemusoma, mwambie asante, na ndoto yako uitunze, utanisimulia kwa mudomo. Ngeleka ameanza kukaa. Anakaa kama mukubwa wa camp, mikono ku magoti, anaangalia nani anaegama. Shemeji hajambo? Hukumutaja mu barua. Natumaini kazi ya reli haimumalizi.

Sisi tunajenga. Udongo wa upande wa mashimo ya mine unakataa kushikana, unang'aa tu, ni udongo wa kiburi. Badibanga alikwenda na mukokoteni mpaka ku kichuguu nyuma ya camp, ule udongo wa muchwa ndio unasikia. Tunaukanyaga pamoja jioni, jua likiwa ku mulango wa kwenda, vumbi la mine juu yetu lina rangi ya chungwa, na miguu yetu mu udongo inatoa sauti kama ng'ombe anayekunywa. Ni saa yangu nzuri ya siku, yaya. Nakanyaga na Ngeleka amelala mu mugongo, na nikifunga macho sijui kama natembea ama nabebwa.

Matofali ya kwanza mvua iliyakula. Ya pili tuliyafunika na manjanja ya zamani, ile mabati iliyotoboka, yakaokoka. Ukuta ulipofika ku magoti yangu, Badibanga aliweka nivo juu, akaangalia ile tone la hewa linalokimbia mu kioo.

"Ukuta unaniangalia vibaya," akasema.

"Ni wewe unaangalia vibaya. Kula kwanza."

Alikula. Ukuta ukabaki vilevile, umeegama kwa jirani kama mutu anayesikiliza habari za batu. Akabomoa safu mbili, mi nikampa matofali moja moja, na hakuna aliyekasirika. Nikajua hapo kwamba tutafika.

Rangi tumeshachagua. Chini nitapaka udongo mwekundu, juu chokaa, na mu katikati mustari wa kijani. Muamba ananiokotea mawe madogo ya kijani ya barabarani, nayasaga ku jiwe la muhogo. Burashi nasafisha mu mufereji, mufereji unaingia Musonoi, na Musonoi inaingia Lualaba. Lualaba inapita kwako, si ndiyo? Ukiona maji yamekuwa mekundu hapo munapofulia, ujue ni ukuta wa Bilonda unapita kukusalimia.

Sasa jambo la kitanda. Badibanga ataanza kukitengeneza, mbao amepata mabaki ku atelye, wiki hii balikuwa na masanduku mawili ya kutengeneza, unajua ya nini, Mungu abalaze pema. Anataka kitanda kiingie mu pembe sawasawa, kwa kimo cha mutoto. Kwa hiyo natia kamba mu enveloppe, ni yake mwenyewe, ya mu mufuko wa kazi, haivutiki. Mulalishe Bilonda ku mukeka, umunyoshe miguu, upitishe kamba toka kichwa mpaka kisigino, ufunge fundo, urudishe. Ni kitu kidogo.

Nangoja fundo lako, yaya.

Tshibola


Kabalo, tarehe 26 mwezi wa tano 1957

Mudogo wangu,

Salamu. Tuko. Mvua imekwisha, baridi ya asubuhi imeanza, muto unarudi ku kitanda chake. Maji yalikuwa mekundu, ni kweli. Lakini kila mwaka yanakuwa mekundu.

Natuma samaki wakavu kwa mukono wa mutu wa treni. Ni kikapu kizima, asikudanganye kwamba ni nusu.

Ile kamba, tuache.

Bilonda ako.

Ngalula

Polycarpe hapa. Nilimuuliza kamba gani. Aliniambia niandike samaki.


Musonoi, tarehe 16 mwezi wa sita 1957

Yaya,

Jambo. Samaki bamefika, kikapu kizima, asante. Ngeleka alikohoa wiki hii juu ya baridi, amepona. Badibanga mukono uliumizwa na randa, si sana, anashika kijiko na wa kushoto na bukari inaanguka, batoto banafurahi.

Sasa nitasema jambo, na nitasema polepole.

Ukuta umekwisha. Umesimama. Mukubwa wa camp alikuja, akaweka fimbo yake, akaenda bila neno, na hiyo kwake ni sifa. Dirisha liko upande jua linapotokea. Asubuhi, Badibanga akishaenda ku kazi, naingia mule na mutoto ku ziwa, ananyonya, nakaa chini. Mwanga unaingia, unashuka kwenye chokaa, unafika ku ule mustari wa kijani, na pale unasimama kidogo kama umekuta mutu unayemujua. Ni kile chumba cha ndoto, yaya. Hakuna kitu ndani. Mu pembe ya kitanda Muamba anachora kitanda chini na makaa, kila siku. Leo kirefu kama treni, kesho kifupi kama sahani. Ananiuliza, "Mama, dada yangu ni namna gani?" Naonyesha na mukono hewani, na mukono unasimama, haujui usimame wapi.

Unaelewa? Mi ni mama na mukono wangu haujui.

Niliomba kamba. Si dhahabu. Umesema tuache. Umeandika "Bilonda ako". Hata ufagio nyuma ya mulango uko. Katika barua mbili hujasema neno moja la mwezi wa tisa, hujasema ndiyo, hujasema hapana, unaniandikia mapera na magoti.

Yaya, we ni mukubwa wangu, ulinifundisha kusuka na kunyamaza mbele ya batu. Nakuheshimu. Lakini mutoto sikukupa. Uliniazima mugongo wako. Mutu anayeazimwa mugongo anashukuru mpaka kufa, na mi nitashukuru mpaka kufa, na mutoto ni yangu.

Mwezi wa nane Badibanga ataomba ruhusa ku kazi, atapanda treni, atakuja Kabalo. Kama kuna neno linalokuzuia, useme kabla. Kama hakuna, umufungie bitu byake.

Sijakasirika. Nalia, ndiyo sababu wino umekimbia pale juu.

Tshibola


Kabalo, tarehe 7 mwezi wa saba 1957

Mudogo wangu Tshibola,

Jambo kwako, jambo kwa Badibanga na mukono wake, jambo kwa Muamba anayechora. Huu mwandiko ni wa Louis, wa telegrafu ku gare ya treni. Leo nimemuacha Polycarpe. Polycarpe ni mutu wa Mungu, lakini maneno mengine ukiyapitisha kwake anayachuja kama pombe, inabaki maji. Louis anaandika kila kitu, kwa sababu ku telegrafu balimufundisha asifikiri. (Ameandika hata hii. Anacheka.)

Barua yako ilinipiga. Ulikuwa na haki ya kupiga. Sasa usikie.

Ile kamba. Wewe ulizaliwa mu camp, ulikuta kila kitu kinapimwa na chuma cha bazungu, huna kosa. Mi nililelewa kwa nkambo, mama ya baba, mu kijiji, kabla baba hajaniita ku camp. Kule mutoto muzima hapimwi na kamba akiwa amelala. Anayelazwa ku mukeka, akanyoshwa miguu, kamba ikapita toka kichwa mpaka kisigino, ni yule ambaye haamuki. Kisha kamba inakwenda kwa seremala. Na wewe umeniandikia hivyohivyo, mukeka, miguu, kichwa, kisigino, na kamba yenyewe imetoka mu mufuko wa seremala anayetengeneza masanduku. Polycarpe alikuwa anasoma kwa sauti. Nilimuomba asome tena, nikafikiri masikio yangu yamekosa. Akasoma tena, vizuri zaidi.

Jioni ile Bilonda akashikwa na homa.

Ningekuandikia namna gani? Polycarpe angesema nabebesha kamba dhambi ya mbu. Na kama ningeandika homa bila kamba, ungepanda treni na Ngeleka mu mugongo, ukute nini? Nikanyamaza. Bilonda alishika sikio langu na mukono wa moto kama jiwe la jiko, hakufinya, aliweka tu. Hapo niliogopa. Nilichukua ile kamba bila kuikanyaga, nikatembea mpaka chini ya gati, mbali na pale tunafulia, nikaitupa mu muto. Maji yaliizungusha kidogo kama yanaisoma, kisha yakaipeleka upande wa Kongolo. Homa ilishuka. Infirmier wa hospitali anasema ni dawa yake. Mi sibishani na mutu aliyesoma. Sasa Bilonda ni muzima, anakula kuliko Louis. (Louis anakataa.)

Nimesema Kongolo, basi nimalize. Unaniuliza shemeji. Shemeji yako ako Kongolo tangu mvua ya kwanza, reli ilimuhamisha, na kule ako na mwanamuke na mutoto mwanaume. Ananitumia salamu na sabuni. Sabuni anakula mbuzi. Ndiyo sababu sikumutaja mu barua. Polycarpe alitufungisha ndoa kwa sala yake, sikutaka aandike vile imefunguka.

Kwa hiyo mu nyumba hii ni mi na Bilonda na sikio. Ulisema nilikuazima mugongo. Ni kweli, na sikukasirika. Lakini mugongo uliozoea kubeba, siku unatua mutoto, unasikia upepo. Nilikuwa natafuta namna ya kusema ndiyo, na kila mara ndiyo inafika ku meno inarudi.

Leo nasema. Ndiyo. Mutoto aende shule.

Kimo chake sitakuambia. Anakua, na kukua hakufungwi fundo.

Ngalula


Musonoi, tarehe 28 mwezi wa saba 1957

Yaya yangu,

Jambo, yaya. Jambo kwa sikio lako. Sisi bazima wote, kikohozi kimeisha, mukono wa Badibanga umepona.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, mu kile chumba, nikiwa nimesimama. Kisha nikaingoja siku ya Mungu, tulipokuwa tunakula, batoto bako inje. Nikamuuliza Badibanga, "Ile kamba ulinipa, ku kazi unapimia nini?"

"Mbao."

"Mbao unapima na metre. Nimeona metre yako."

Akaweka kijiko chini. "Kamba ni ya kwenda ku nyumba za batu," akasema. "Siwezi kuingia ku kilio na metre ya chuma, ni kama kuingia dukani. Naingia na kamba mu mufuko, hakuna anayeona."

Nikamusomea. Hakumaliza bukari. Aliangalia mikono yake mibili kama imeletwa na mutu mwingine. "Mama Bilonda," akasema, "mi niliwaza kitanda tu. Naapa, niliwaza pembe na kitanda." Najua. Nilimwambia najua. Ni vile mutu anazoea chumvi mpaka anaitia mu chai.

Basi alisimama, akaingia mule ndani na metre ya chuma, na alichopima ni ukuta. Toka ukuta huu mpaka ule. "Ukuta hauna kilio," alisema. Kitanda chake hakina kimo cha mutu yeyote, yaya. Kimeshika ukuta kwa ukuta, mbao zimeingia mu matofali pande zote, hata mutu akiwa mrefu kama nguzo ya telegrafu atalala. Mbao zilipofika za upana nikamwambia, "Ongeza."

"Mutoto mumoja, mbao yote hii ya nini?"

"Ongeza."

Aliniangalia. Akaongeza. Hakuuliza tena, na hiyo ndiyo sababu niliolewa naye.

Maneno yangu ya mwezi wa sita yalikuwa magumu. Ya ufagio nayarudisha, na ya mapera na magoti. Lile la kwamba mutoto ni yangu nabaki nalo, na we mwenyewe hungenipenda kama ningeliacha.

Bilonda anakuja mwezi wa tisa, hilo sibadili. Lakini Badibanga hatakuja kumuchukua. Utamuleta wewe. Posta inabeba kamba, inabeba samaki, inabeba hata wino wenye machozi. Sikio haibebi. Mutoto atalala namna gani hapa, ashike nini, mustari wa kijani? Mi sikio langu atajifunza, lakini si siku moja, na mi nataka alale tangu siku ya kwanza.

Sisemi uhame. Sisemi uache nyumba yako. Nasema uje, ulale, uone vile mwanga unaingia. Siku ukitaka kurudi, reli haifungwi na mutu. Camp iko na bisima, iko na banawake ba kukuchunguza sikio, na mi niko na mugongo. Ni zamu yangu kuuazima.

Jana, kabla jua kuzama, nilikwenda kulala kidogo juu ya kile kitanda na Ngeleka, ili kukijaribu. Nikaota naelea. Si ku maji machafu, ku maji mapole, na kitanda kinakwenda taratibu, kuta zake bado ku pande zote, chokaa, kijani, wekundu, vyote vinateremka Lualaba, na mu kila gati batu bamesimama banatutazama, na hakuna anayetuuliza tunakwenda wapi. Niliamka karibu na Kabalo.

Badibanga anauliza jambo moja tu: misumari ya kutundikia nguo aipige wapi ku ukuta. Anaogopa kukuuliza. Mi ndiye nauliza.

Tshibola


Kabalo, tarehe 18 mwezi wa nane 1957

Mudogo wangu,

Jambo kwenu wote. Ni Louis tena anayeandika. Mi niko muzima. Magoti hayajui bado habari ya treni, nitayaambia ku gare.

Bilonda ametangaza Kabalo yote kwamba mama yake anakaa mu nyumba ya kijani. Nimemwambia ni mustari tu. Anasema mustari ni mwanzo. Amekutunzia karanga mu soksi, usishangae harufu.

Tunapanda mwisho wa mwezi huu. Mbuzi nimempa Polycarpe. Ameshukuru, lakini ameficha sabuni.

Mwambie Badibanga asiogope kuniuliza kitu. Musumari mumoja aupige chini, pale mutoto anafika bila kupanda ku kiti. Na mumoja aupige juu, wa liputa yangu ya kujifunga kiunoni. Kimo changu mnakijua. Musipime.

Yaya wenu,
Ngalula